Bahari ya Shamu na Hazina ya Matope ya Moto

Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniletea barua. Analalamika kwamba kipindi hiki siku hizi kimekuwa kama jahazi lisilo na nahodha: juma hili tuko huku, juma lijalo hajui tutatia nanga wapi. Kilichomuudhi zaidi ni pale nilipotangaza kwamba leo tutazungumzia uchunguzi wa Bahari ya Shamu, ambayo wengine huiita Bahari Nyekundu. Ameandika hivi: "Bahari ile ni ya Waarabu na Wahabeshi. Sisi wa Dar es Salaam inatuhusu nini?"

Swali ni la haki. Nami nitalijibu kwa kuanzia mahali ambapo bila shaka anapafahamu, yaani soko la samaki la Feri.

Ukifika pale asubuhi utakuta changu, utakuta pono mwenye rangi kama za kanga, na siku ya bahati utamkuta mwatiko. Waulize wataalam wa samaki majina ya kisayansi ya hao watatu. Watakwambia kwamba yupo changu aitwaye Lethrinus harak, yupo pono aitwaye Scarus ghobban, na mwatiko ni Chanos chanos. Baada ya kila jina wataalam huandika jina la mtu aliyemtambulisha samaki huyo katika elimu ya ulimwengu, pamoja na mwaka. Kwa hao wote watatu mtu ni mmoja, Forsskål, na mwaka ni mmoja, 1775. Tena hayo maneno harak na ghobban si Kilatini. Ni Kiarabu, kama kilivyosemwa na wavuvi wa Bahari ya Shamu.

Huyo Peter Forsskål alikuwa Mswidi, mwanafunzi wa bingwa wa elimu ya mimea na wanyama, Carl Linnaeus. Mwaka 1761 Mfalme wa Denmark alituma watu sita kwenda Misri na Arabuni kuchunguza nchi, lugha, mimea na viumbe. Forsskål alikuwa mmoja wao. Alikaa na wavuvi, akawauliza majina ya samaki wao, akayaandika. Mwaka 1763 akafariki nchini Yemen kwa malaria, akiwa na umri wa miaka 31. Wenzake nao wakaondoka duniani mmoja baada ya mwingine, hata aliyerudi Denmark mwaka 1767 akawa mmoja tu, mpimaji aitwaye Carsten Niebuhr. Huyo ndiye aliyechukua maandishi ya marehemu mwenzake akayachapisha mwaka 1775.

Nataka ulitazame jambo hilo kwa makini, msikilizaji. Wavuvi walimjua samaki yule tangu enzi za mababu zao. Walijua anakula nini, anapita wapi, anavuliwa mwezi gani. Lakini jina linaloandikwa vitabuni ni la yule aliyekuja na kalamu na chupa za kuhifadhia. Simlaumu Forsskål, maana aliilipia elimu ile kwa maisha yake. Ninachosema ni kwamba kujua ni jambo moja, na kupima, kuandika na kuhifadhi ni jambo jingine. Historia ya Bahari ya Shamu tangu siku zile ni historia ya tofauti hiyo.

Baada ya Forsskål wakaja wapimaji wa njia. Meli za moshi zilipoanza, Waingereza walitaka njia fupi ya barua na abiria kutoka Bombay mpaka Suez. Lakini bahari ile imejaa matumbawe, na meli isiyo na ramani ilikuwa inajitafutia kaburi. Kuanzia mwaka 1829 meli mbili za serikali ya Bombay, Palinurus na Benares, zilitumwa kuipima. Kwa miaka kadhaa mabaharia walishusha bildi, yaani kamba yenye risasi, wakaandika vina. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ilikuwa imekwisha kupimwa.

Kisha wakaja wapimaji wa maji yenyewe. Kati ya mwaka 1895 na 1898 meli ya Austria iitwayo Pola ilifanya safari mbili, moja kaskazini na nyingine kusini, ikipima joto na chumvi kutoka juu mpaka chini. Hapo ndipo ilipothibitika ajabu ya bahari hii, nami nitaieleza kwa lugha nyepesi, kwa kuwa mimi nilisomea uandishi wa habari wala si sayansi ya bahari.

Bahari ya Shamu ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,000, lakini mlango wake wa kutokea katika Bahari ya Hindi, Bab el Mandeb, una upana wa kilomita zipatazo 30 tu. Tena, kama mlango wowote ule, una kizingiti. Ndani, maji yana kina cha zaidi ya mita 2,000 katika sehemu nyingi za katikati, lakini pale karibu na visiwa vya Hanish sakafu inapanda mpaka kina cha mita 137 hivi. Maji ya baridi ya kilindi cha Bahari ya Hindi hayawezi kuruka kizingiti hicho. Kwa hiyo wakati kilindi cha bahari nyingine ni cha baridi kama maji ya barafu, kilindi cha Bahari ya Shamu kina joto la nyuzi zipatazo 21 au 22 mpaka chini kabisa.

Hakuna hata mto mmoja wa kudumu unaomwaga maji humo. Jua hunyonya kiasi cha mita mbili za maji kila mwaka, na pengo hilo huzibwa na maji yaingiayo kupitia mlango uleule mmoja. Majira ya kaskazi, maji ya juu huingia na maji mazito ya chumvi hutoka kwa chini, yakateremka katika Ghuba ya Aden. Wataalam wameyafuatilia maji hayo ya chumvi kwa kina cha mamia ya mita, yakielekea kusini ubavuni mwa Afrika, mpaka kwenye mlango-bahari wa Msumbiji. Basi ndugu yangu wa Temeke ajue kwamba maji ya bahari ile ya Waarabu na Wahabeshi hupita chini ya maji yetu bila kupiga hodi.

Kizingiti hicho kina kumbukumbu pia. Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, wakati barafu nyingi ilipokuwa imelala juu ya nchi za kaskazini, usawa wa bahari zote ulikuwa chini kwa mita zipatazo 120 kuliko leo. Piga hesabu mwenyewe: toa 120 katika 137. Mlango ulibaki mwembamba mno, maji ya ndani yakakolea chumvi, na vijidudu vingi vyenye magamba ya chokaa vinavyoelea majini vikatoweka humo. Matope ya sakafuni yametunza alama ya kutoweka huko, tabaka juu ya tabaka. Hivi sasa wachunguzi wanayatumia matope ya Bahari ya Shamu kama kijiti cha kupimia jinsi bahari za dunia zilivyopanda na kushuka.

Wakati meli zikipima maji, watu wengine walikuwa wakiisoma bahari hiyohiyo kutoka nchi kavu, tena huku kwetu. Mwaka 1887 bwana mkubwa mmoja wa Hungaria, Count Teleki, aliondoka Pangani pamoja na ofisa wa jeshi la majini la Austria, Ludwig von Höhnel, na mamia ya wapagazi. Kiongozi wao wa njia alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa pwani yetu, Jumbe Kimemeta. Mwaka 1888 walifika katika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Von Höhnel alichora ramani ya njia yote. Bingwa wa miamba wa Vienna, Eduard Suess, alizisoma ripoti hizo, na mwaka 1891 akaandika jambo lililowashangaza wengi: kwamba mabonde aliyoyapita Teleki, na Bahari ya Shamu, na bonde la mto Yordani, yote ni mpasuko mmoja wa ardhi. Miaka miwili baadaye Mwingereza J. W. Gregory akaja Kenya kujionea kwa macho yake, na ndiye aliyelipa lile bonde jina tunalolifundisha shuleni, Bonde la Ufa.

Leo jambo hilo limethibitishwa kwa vipimo vya setilaiti. Arabuni ilianza kutengana na Afrika miaka ipatayo milioni 30 iliyopita. Inaendelea kusogea kwa kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Katikati ya Bahari ya Shamu, mwamba wa moto unapanda na kuganda, ukafanya sakafu mpya. Mwezi Septemba 2005, kule Afar nchini Ethiopia, ardhi ilipasuka kwa urefu wa kilomita 60 katika muda wa siku chache, na mahali pengine ikaachana kwa mita nane. Bonde letu la Ufa nalo linapanuka, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akitaka kujua bahari inavyozaliwa, aanzie Manyara na Naivasha, apite Turkana na Afar, amalizie Bahari ya Shamu. Ni mtoto yuleyule katika umri tofauti.

Sasa tufike kwenye hazina niliyoitaja katika kichwa cha mazungumzo haya.

Mwaka 1948 meli ya uchunguzi ya Uswidi, Albatross, ilipita Bahari ya Shamu ikirudi kutoka safari ya kuizunguka dunia. Katikati, kati ya Sudan na Saudi Arabia, ilichota maji ya kilindi ikakuta yana joto na chumvi kuliko kawaida. Tofauti haikuwa kubwa, na habari ile haikupata kishindo. Kisha ukaja mradi mkubwa wa kimataifa wa kuichunguza Bahari ya Hindi, ulioanza mwaka 1959 na kumalizika 1965, na meli za mataifa mengi zikawa zinapita mlango ule. Mwaka 1964 meli ya Uingereza Discovery ilishusha vyombo katika shimo moja lenye kina cha zaidi ya mita 2,000, ikapima joto la nyuzi 44. Mwaka 1965 meli ya Marekani Atlantis II ilipima shimo la jirani, ikapata nyuzi 56. Maji hayo yalikuwa na chumvi mara saba hivi ya maji ya bahari ya kawaida.

Utauliza, maji ya moto si hupanda juu? Hupanda, isipokuwa yakiwa mazito. Chukua gilasi ya sharubati ambayo sukari haikukorogwa vizuri. Chini utakuta tabaka zito lililotulia, wala halichanganyiki na la juu mpaka utie kijiko. Ndivyo yalivyo mashimo yale. Kwa nini chumvi ni nyingi hivyo? Jibu lilikamilika mwaka 1972, pale meli ya kutoboa miamba, Glomar Challenger, ilipokuta chini ya sakafu matabaka manene ya chumvi, yaliyoachwa na bahari ya kale iliyokauka kwa jua mamilioni ya miaka iliyopita. Maji hupenya katika nyufa, hukutana na joto la mwamba, huyeyusha chumvi, hubeba madini kutoka katika miamba, kisha hutoka na kutulia shimoni. Hapo madini hutengana na maji na kuanguka kama matope ya rangi nyingi: mekundu, ya manjano, meusi.

Matope hayo, msikilizaji, yana zinki, shaba, fedha na hata dhahabu kidogo. Shimo la Atlantis II peke yake lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 60, na makadirio yanayotajwa sana ni tani milioni 90 za matope yenye madini baada ya kuondoa maji na chumvi. Haya yalijulikana zaidi ya miaka kumi kabla ya wanasayansi kuziona chemchemi za moto za Galápagos mwaka 1977, zilizovuma duniani kote.

Na hapo ndipo sayansi ilipogeuka kuwa siasa. Kabla ya mwaka 1964 hakuna aliyeuliza shimo lile ni la nani. Baada ya kipimo, kila mtu aliuliza. Mwaka 1967 balozi wa Malta katika Umoja wa Mataifa, Arvid Pardo, alisimama akataka utajiri wa sakafu ya bahari kuu uwe urithi wa pamoja wa binadamu wote, usije ukanyakuliwa na mataifa yenye mitambo. Mwaka 1968 Saudi Arabia ikatoa amri ya kifalme ya kudai madini ya sakafu ya Bahari ya Shamu inayopakana nayo. Sudan nayo ilikuwa na haki zake ng'ambo ya pili. Mahali pengine duniani jambo kama hilo limeleta mizinga.

Lakini tarehe 16 Mei 1974, mjini Khartoum, nchi hizo mbili zilitia sahihi mkataba. Kila nchi ilibaki na sakafu ya upande wake mpaka kina cha mita 1,000. Sehemu ya katikati yenye kina zaidi ya hapo ikawa mali ya wote wawili kwa haki sawa, na Saudi Arabia, iliyokuwa na fedha za mafuta, ikakubali kutanguliza gharama za tume ya pamoja. Mwaka 1979 kampuni ya Kijerumani, Preussag, kwa niaba ya tume hiyo, ilituma meli iliyoshusha bomba zaidi ya mita 2,000 na kuyavuta matope mpaka juu. Jaribio lilifaulu. Uchimbaji wa biashara, hata hivyo, haujafanyika. Bei ya madini haikuvutia, na mwaka 2010 ilipotolewa leseni mpya, mambo yalikwama katika ugomvi wa makampuni. Tena lipo suala ambalo kila mwenye akili hulihofia: ukitibua matope yenye sumu katika bahari yenye mlango mmoja, yatatokea wapi?

Sheria ya kimataifa imeliona hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 una sehemu mahususi kwa bahari zilizozungukwa na nchi na kubakiwa na mlango mwembamba. Unazitaka nchi zinazopakana nazo zishirikiane katika samaki, katika kulinda mazingira na katika uchunguzi wa kisayansi. Sudan na Saudi Arabia zilikuwa zimekwisha kuanza miaka minane kabla. Wala sisi hatukuwa watazamaji katika mkataba ule. Wazo la eneo la uchumi la maili 200 lilipelekwa mbele na Mkenya, Frank Njenga, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na tume iliyoandaa chombo cha kusimamia sakafu ya bahari kuu iliongozwa, kuanzia mwaka 1983, na Mtanzania, Joseph Warioba, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Kwa hiyo haki ya kudai tunayo, tena tulishiriki kuiandika. Swali langu ni kipimo. Gesi iliyogunduliwa katika kilindi cha bahari ya Tanzania tangu mwaka 2010, iligunduliwa na meli za nani? Takwimu za sakafu yetu ziko katika kabati za nani? Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar, na wenzetu wa Kenya wana taasisi yao Mombasa, pamoja na meli ya uchunguzi iitwayo Mtafiti, waliyopewa na Ubelgiji. Wataalam wapo na nimewahi kuzungumza nao. Kilio chao ni kimoja, kwamba siku moja ya meli baharini inakula fedha nyingi, na kwenye bajeti bahari hukumbukwa mwisho, baada ya barabara na semina.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haja ya kupima kilindi. Nayaheshimu maoni hayo. Lakini Sudan ya mwaka 1974 haikuwa tajiri. Iliweza kukaa meza moja na jirani mwenye fedha, ikatoka na nusu, kwa sababu wakati huo vipimo vilikuwa wazi, vimechapishwa, na kila upande ulijua kilichomo shimoni. Ingekuwa upande mmoja tu ndio unaojua, sidhani kama nusu ile ingepatikana.

Basi ndugu yangu wa Temeke, kesho ukipita Feri ukamnunua changu, kumbuka wavuvi wa Bahari ya Shamu. Samaki alikuwa wao, jina lilikuwa lao, lakini hakuna anayejua walikuwa nani, kwa kuwa hawakuandika. Wapagazi wa Pangani nao walibeba mizigo mpaka Turkana, na katika mamia yao tumebakiwa na majina machache mno. Mimi ningependa watoto wetu, watakapouliza kilichomo katika sakafu ya bahari iliyo mbele ya mlango wao, wajibiwe kwa kitabu kilichoandikwa hapa.

Hadi juma lijalo, kwaherini.